Uongo Uliopulizwa Ndani ya Mota

Mithika alifunga valvu kama alivyoifunga kila siku ya kazi, akasikia hewa ikikatika kwenye paipu, akageuka kutafuta kitambaa cha kufutia mikono. Mota haikusimama. Iliendelea kuzunguka polepole, bila hewa wala sababu, ikikoroga rangi ya kijani ndani ya pipa kama mama anayekoroga uji huku akiwaza mambo mengine. Kisha ikashusha pumzi ndefu, ikatulia.

"Valvu inavuja," Mithika akajiambia.

Fundi hakosi jibu. Hata akifa leo atamweleza malaika kwamba moyo wake ulikuwa na valvu mbovu. Mithika alifunga kisanduku chake cha spana akaenda zake.

Kiwanda kilikuwa cha Bwana Rwamba, kando ya barabara ya Mitunguu, pale baridi ya mlimani inapokwisha na joto la migomba linapoanza. Kilitengeneza rangi ya mabati na vanishi. Ilikuwa enzi ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, mashuleni, na kila shule na kila kanisa lilitaka paa la kijani au jekundu, kwa hiyo Rwamba hakulala njaa. Vikorogeo vyake havikuendeshwa kwa umeme, kwa sababu mota ya umeme hutoa cheche, na mvuke wa thina hauna subira na cheche. Viliendeshwa kwa hewa. Kompresa ilikaa nje kwenye kibanda chake ikisukuma hewa kwenye paipu. Hewa iliingia ndani ya mota, ikavisukuma vibao vyembamba vilivyopachikwa kwenye mhimili, mhimili ukazunguka, na hewa iliyochoka ikatokea tundu la ubavuni kwa sauti ya kufyonya.

Mota zilikuwa mbili. Ya kwanza ilinunuliwa mpya Nairobi. Ya pili Rwamba aliitoa Mombasa, kwa mtu aliyeuza vyuma vya meli zilizokufa. Ilipokuwa ikishushwa wafanyakazi walicheka wakasema kwamba vitu vya Mombasa haviji peke yake. Walikuwa wanatania. Watu wetu wa Meru huogopa majini wakiwa Mombasa tu. Wakisharudi nyumbani hudhani baridi ya mlima imewafukuza wote.

Sasa huyo Mithika. Alikuwa mtu wa Githongo, fundi kweli kweli, mzee wa kanisa la Methodisti, na suruali yake ilipigwa pasi hata ilipokuwa chini ya ovaroli ambako haikuonwa na mtu. Alipenda kusifiwa. Kila alipopita sokoni alitembea taratibu ili watu wapate nafasi ya kumwamkia. Na aliyesimamia mota ya pili, kulijaza pipa lake na kuichunga ikikoroga, alikuwa Kaberia, mtu wa Laare huko Nyambene, mrefu, mwenye maneno machache, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Hawa wawili walikuwa ndugu wa gichiaro. Hawakuzaliwa tumbo moja, wala hawakujuana kabla ya kukutana kiwandani. Lakini koo zao zilikula kiapo zamani, kabla ya babu za babu zao, na kiapo hicho hakizeeki. Mtu wa gichiaro akifika mlangoni kwako hukosi kumkaribisha. Akikuomba kitu humnyimi, hata kama ni shati ulilovaa. Humdanganyi, humsingizii, humwaibishi mbele ya watu. Na ukifanya hivyo, wazee hawana haja ya kukutafuta. Kuna kinachokutafuta chenyewe. Wazungu walikuja na wakaenda, makanisa yakajengwa, na bado mtu akisikia neno gichiaro hunyoosha mgongo.

Hewa ya kompresa hubeba maji, hasa msimu wa mvua. Ndiyo maana kwenye paipu, kabla ya mota, huwekwa kichujio chenye kikombe cha kioo chini yake, na maji hujikusanya humo. Kikombe hicho lazima kifunguliwe kila asubuhi, maji yamwagwe. Hii ilikuwa kazi ya Mithika peke yake. Rwamba hakuruhusu mtu mwingine aguse. Lakini mvua ile Mithika alikuwa kwenye kamati ya kujenga kanisa, akifika kazini amechelewa, na kila asubuhi alikitazama kikombe akasema kesho. Kikombe kikajaa. Maji yakaanza kwenda na hewa.

Mota ya pili ilikwama mbele ya wageni. Mwalimu mkuu na wazee wa shule moja walikuwa wamekuja kuona rangi yao ikikorogwa, na Rwamba alikuwa amevaa tai kwa ajili yao. Kaberia alifungua hewa, mota ikanguruma, ikapungua nguvu, ikasimama kabisa katikati ya pipa.

Mithika akaja na kisanduku chake. Alitazama geji kwanza hewa ikiwa imefungwa, kisha akamwambia Kaberia aifungue tena, maana geji ya hewa iliyofungwa haikuambii lolote. Shinikizo lilikuwepo. Akatazama kikombe cha mafuta ya kulainisha mota, mafuta yalikuwepo. Akaitoa mota, akaiweka mezani, akaifungua mbele ya wote. Maji ya rangi ya chai yalimwagika. Vibao vilikuwa vimevimba na kunasa kwenye mifereji yao kwa kutu. Na ikatoka harufu ambayo haikuwa ya kutu wala ya thina: harufu ya chumvi, na ya nguo mbichi iliyofungiwa sandukuni mpaka ikasahauliwa.

Akainama akaweka mdomo kwenye tundu la kuingizia hewa ili apulize, kama mafundi wote wanavyofanya. Akapuliza. Tundu likavuta. Lilivuta pumzi yake kama mtoto anavyonyonya, hata mashavu yakaingia ndani.

"Mithika," Rwamba akasema nyuma yake, sauti ya mtu anayejizuia mbele ya wageni. "Hii maji imetoka wapi?"

Alijua imetoka wapi. Mdomo wake ulikuwa bado karibu na lile tundu. Aliuona uso wa mwalimu mkuu, ambaye alikuwa anasali kanisa moja naye, na aibu ikamshika.

"Ni Kaberia," akasema. "Ni Kaberia alitia maji kwa mafuta."

Kaberia alikuwa amesimama pale pale, mikono yake ya kijani mpaka viwikoni. Angeweza kusema mengi. Lakini ndugu wa gichiaro hamkanushi ndugu yake mbele ya watu.

"Kaberia, ni ukweli?" Rwamba akauliza.

Kaberia alimtazama Mithika, na hakukuwa na hasira machoni pake, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Kama ni yeye amesema," akajibu, "mimi niseme nini?"

Alifukuzwa kabla ya saa ya chai. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akamuaga Mithika kwa kumpa mkono kama desturi, akaenda. Mithika hakuweza kula siku ile. Alijiambia kwamba atamtafutia Kaberia kazi kwingine, kwamba Rwamba hasira zake huisha. Mficha uchi hazai, lakini Mithika hakutaka kuzaa. Alitaka kuficha tu.

Alifunga vibao vipya, akasafisha kila kitu, na mota ikazunguka vizuri kuliko siku iliyonunuliwa. Mtu mpya akawekwa, kijana wa Embu aitwaye Kithaka. Haikupita wiki Kithaka akamwendea Mithika, akasimama karibu sana, akasema kwa sauti ya chini.

"Fundi, hiyo motor inaongea."

"Motor haiongei. Sailensa imechafuka."

"Fundi, mimi si mtoto. Kuja usikie."

Mithika akaenda. Nje kulikuwa na jua la Mitunguu, lile linalochoma mpaka kivulini, lakini tundu la kutolea hewa lilikuwa limezungukwa na utando wa barafu. Hilo halikumtisha, hewa inapotanuka hupoa, na ikiwa na unyevu huganda. Ila utando ule ulikuwa umekaa kama midomo. Akasogeza sikio. Fss, fss, fss, mota ilifyonya kama kawaida, kisha kufyonya kukavunjika vipande vipande, na kila kipande kikawa na umbo, na akasikia: *Ni Kaberia. Ni Kaberia alitia maji kwa mafuta.*

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hata ule mkwaruzo wa kooni alionao asubuhi ulikuwemo.

Alifanya alichofundishwa kufanya. Alimwaga kikombe cha kichujio, kilikuwa kikavu. Akabadilisha sailensa, ile ya kupunguza kelele tunduni, maneno yakawa wazi zaidi. Akapunguza mafuta, akaongeza mafuta, akabadilisha mpira wa hewa, akakaza kila nati. Akaing'oa mota ya pili kabisa akaitupa stoo, akafunga ile ya kwanza, ya Nairobi, ambayo haikuwahi kumkosea mtu, na ilipofunguliwa hewa tu ikaanza: *Ni Kaberia. Ni Kaberia alitia maji kwa mafuta.* Mwishowe alikimbia nje akazima kompresa, akafungua tangi hewa yote itoke, na tangi zima likamwaga maneno yale ndani ya ua, kwa sauti yake, kubwa, bila kupumzika, hadi wanawake waliokuwa wakipalilia migomba ng'ambo ya barabara wakasimamisha majembe na kutazama.

Wafanyakazi walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja wao, mama aliyebandika lebo kwenye makopo, alimtazama kisha akatazama chini haraka, kama mtu aliyemkuta mwenzake uchi. Mithika alitamani ardhi impasukie.

Nyumbani Githongo alilificha jambo hilo. Mkewe, Kiende, alikuwa jikoni, jua halijazama bado, akipampu stovu ya mafuta ya taa ili achemshe chai. Alipampu, akawasha, moto wa bluu ukasimama, stovu ikaanza kuvuma. Kiende akainua kichwa.

"Baba Kiambi," akaita. "Kuja hapa."

Mithika alisimama mlangoni. Aliisikia kabla hajafika.

"Nozeli imeziba," akasema.

"Nozeli inaongea na sauti yako?" Kiende hakupaza sauti. "Kaberia gani? Ni yule wa gichiaro? Yule alikuja kwetu na miraa ya baba yangu wakati wa ngurario, mkimaliza mahari?"

"Huyo."

"Na alitia maji kwa mafuta?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na mwenye kuuliza alikuwa mkewe. Mithika akasema kwamba chai haitachemka ikiwa watasimama kuongea. Kiende akazima stovu. Walikula viazi baridi, kila mmoja akitazama upande wake, na hata baada ya stovu kupoa kabisa, kutoka kwenye tundu lake dogo kama la sindano kuliendelea kutoka pumzi ndogo, ndogo sana, ambayo mtu angeweza kudhani ni panya.

Kiende aliacha kutumia stovu, akarudia kuni. Baiskeli ilipojazwa upepo, ilisema. Mtoto aliporudi na puto kutoka kwa sherehe ya shule na puto likalegea usiku kucha ukutani, lilisema. Mithika alianza kuziba masikio kwa pamba, akajifanya ana mafua, na watu wakamwonea huruma, na huruma yao ikamwuma kuliko matusi. Alijua mtu mmoja tu angeweza kuizima sauti ile, na kwamba mtu huyo alikuwa yeye, na kwamba ingegharimu maneno machache tu. Maneno hayo ndiyo aliyoshindwa kuyatoa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yake kuomba mbele ya kanisa. Alisimama, suruali imenyooka, Biblia mkononi, mchungaji nyuma yake na mwalimu mkuu kiti cha mbele, akafumba macho akavuta pumzi ili aseme Baba Yetu Mwenyezi, na pumzi ile ilipokuwa inaingia aliihisi baridi, baridi ya barafu la tundu la mota, ikishuka kooni na kutandaza vidole kifuani mwake, ikikaa mahali pake kama mpangaji aliyelipa, na harufu ya chumvi na nguo mbichi ikampanda puani, na alipofungua mdomo hakukuwa na Baba wala Mwenyezi, kulikuwa na kufyonya kwa mota, fss, fss, fss, mbele ya kanisa lote, mbele ya watoto wa Sunday school walioanza kucheka wakidhani ni mchezo, kisha, kwa sauti ambayo wote waliijua kwa sababu iliwaombea kila mwezi, ikasema kwamba ni Kaberia, ni Kaberia alitia maji kwa mafuta, ni Kaberia, ni Kaberia, mpaka mchungaji akaanzisha wimbo kwa nguvu na kina mama wakamtoa nje wamemshika makwapani.

Tangu siku hiyo pumzi yake ilianza kupungua. Kilichokuwa ndani kilitumia hewa, na kilichobaki ndicho alichopewa yeye. Alipanda ngazi mbili akatweta. Alilala ameketi. Daktari wa hospitali alimpima akasema mapafu ni mazima, na alipomwambia avute pumzi kwa nguvu daktari akasikia yale maneno, akavua kile kifaa masikioni na kutoka nje bila kuandika dawa.

Kiende alikuwa na shangazi aliyeolewa Embu, na shangazi akawapeleka Siakago, kwenye nchi kavu ya Mbeere, kwa mwanamke aliyeuza kunde na pojo sokoni. Jina lake Teresia. Alikuwa na rozari shingoni na hasira za karibu.

"Mimi ni Mkatoliki," akasema kabla hawajaketi. "Mtu asiniite mganga hapa. Padre ako na masikio mingi."

Alimvua Mithika shati, akaweka sikio mgongoni pake akasikiliza kwa muda mrefu, akiwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya. Kisha akaketi kwenye gunia lake la pojo.

"Huyu ako ndani ni wa upepo," akasema. "Ametoka na hiyo chuma huko kwa bahari. Yeye hana maneno yake. Anakaa tu, anangoja mtu amwekee neno mdomoni. Wewe ulimwekea gani?"

Mithika alitazama ardhi. Kiende alikuwa kando yake.

"Nimekuuliza. Ukinificha mimi, utamwambia nani?"

Ndipo akasema, pole pole, kwa pumzi ndogo aliyokuwa nayo, kikombe, mvua, wageni, tundu. Alisema huku amefunika uso. Kiende hakulia. Alisogea kidogo tu, na ule upenyo kati ya bega lake na bega la mumewe Mithika aliuhisi mpaka mfupani.

"Uongo ulisema mbele ya watu," Teresia akasema. "Ukweli pia useme mbele ya watu hao, na huyo Kaberia awe hapo. Siku hiyo, ukisimama mbele yake, kifua kitafunguka. Utapata pumzi ya kusema. Mara moja. Ukisema ukweli, huyu wa upepo atabaki bila neno, na bila neno hawezi kaa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Bado. Sikia hii." Alimshika kidevu, akakiinua kama anavyofanyiwa mtoto. "Usimwombe kitu. Hata maji ya kunywa. Nyinyi Wameru na hiyo gichiaro yenu, ukimwomba hawezi kukukatalia. Na akikubali kuchukua, itakuwa yake. Mtu akichukua kwa kupenda, mimi siwezi kumtoa tena huyu wa upepo. Hakuna mtu anaweza."

Mithika aliapa kwa Biblia kwamba hataomba.

Rwamba mwenyewe alitoa pikapu. Kiwanda chake kilikuwa kimesimama, wafanyakazi hawakanyagi ndani, na alichotaka ni mambo yaishe. Aliwabeba Mithika na Kiende mbele, na nyuma mchungaji, mwalimu mkuu, Kithaka na yule mama wa lebo. Wakapanda Nyambene asubuhi, wakaipita Laare yenyewe na akina mama wake waliofunga miraa kwenye majani ya migomba, mpaka kwenye boma la Kaberia katikati ya miti ya miraa.

Kaberia aliwaona akashuka mtini. Tangu afukuzwe alikuwa akiwachumia watu. Alimwona Mithika akitolewa garini, amekonda, midomo ya bluu, akashtuka kwa huruma ya kweli.

"Ndugu yangu," akasema. "Karibu. Karibuni nyote. Mbona hamkutuma mtu, tungechinja kitu?"

Mkewe alileta viti, na chai, na Mithika alipewa kiti chenye mto, kile cha wageni wakubwa. Majirani wakajaa uani. Aliyemfukuzisha kazi alikuwa anaandaliwa chai kabla ya mchungaji. Mikono ya Kaberia, iliyokuwa ya kijani, sasa ilikuwa na utomvu mwekundu wa miraa kwenye kucha, na alimshikia Mithika kikombe ili asimwage.

"Haya," Rwamba akasema. "Mithika ako na neno. Sema, tumalize."

Mithika akasimama. Na kama Teresia alivyosema, kifua kikafunguka. Kilifunguka chote. Hewa ikaingia mpaka chini kabisa, safi, nyingi, na kile kilichokuwa ndani kikajikunja pembeni kikangoja, na maneno yakawa tayari kwenye ulimi wake, *mimi ndiye sikumwaga maji*, mepesi, mafupi, hata mtoto angeyasema. Hakuna kilichomzuia. Hili lazima lisemwe, kwa sababu baadaye wapo waliosema kwamba jini lilimbana. Halikumbana.

Aliwatazama. Mwalimu mkuu ameweka mikono magotini. Mchungaji. Mama wa lebo, anayemtazama moja kwa moja sasa. Rwamba aliyemwamini miaka yote. Na Kiende, ambaye alijua tayari, na ambaye uso wake ulikuwa umeanza kufunguka kwa tumaini. Akawaona wote jinsi watakavyokuwa dakika moja baadaye, akaona soko la Githongo na watu wasiomwamkia, akaona kiti chake cha kanisani kimekaliwa na mwingine, na aibu ikapanda, kubwa kuliko hofu, kubwa kuliko kifo, ikamfika mdomoni kabla ya ukweli.

Akamgeukia Kaberia.

"Ndugu yangu wa gichiaro," akasema. "Nakuomba. Nichukulie hii kitu."

Kiende alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Kaberia aliuliza, kwa upole kabisa, "Umeniomba?"

"Nimekuomba."

"Basi," Kaberia akasema.

Mkewe aliita jina lake mara moja, kisha akajizuia. Na yeye alikuwa binti wa nyumba inayojua kwamba ndugu wa gichiaro akiomba hanyimwi. Kaberia alimsogelea Mithika, akamshika mabega kwa ile mikono mirefu, akaweka uso karibu na uso wake, akavuta pumzi. Alivuta kwa muda mrefu. Majani ya miraa yaliacha kutikisika. Mithika alihisi ile baridi ikichomoa vidole vyake kifuani, kimoja kimoja, ikipanda, ikipita kooni, ikitoka, na harufu ya nguo mbichi ikatoka nayo. Kisha Kaberia akamwachia, akapepesuka hatua moja, akageuka kuwaelekea watu.

Akafungua mdomo. "Ni Kaberia," akasema, kwa sauti ya Mithika. "Ni Kaberia alitia maji kwa mafuta."

Rwamba alishusha mabega. "Kumbe ni ukweli," akasema. "Amekubali mwenyewe."

"Bwana asifiwe," mchungaji akasema, ingawa sauti yake haikuwa na uhakika. Mwalimu mkuu aliinuka akampa Mithika mkono. Majirani walianza kunong'ona na kumtazama Kaberia kwa jicho jipya, na mmoja akatema mate. Msichana mdogo wa Kaberia alikuwa ameshika sketi ya mama yake, akauliza huyo anayeongea ndani ya baba ni nani, na mama yake hakuweza kumjibu. Kaberia mwenyewe alijaribu kumwambia kitu mtoto wake, akanyoosha mkono, midomo ikahangaika, na kilichotoka ni yale yale.

Mithika alikuwa na pumzi ya kutosha. Angeweza hata sasa. Alisimama pale mbele ya kiti chenye mto, mdomo wazi kidogo, na watu wakampisha njia kwa heshima mpaka kwenye pikapu.

Wote walipanda isipokuwa Kiende. Rwamba alipiga honi. Kiende alikuwa ameketi chini uani, kando ya mke wa Kaberia, na alikuwa amempakata yule msichana, akimfunika masikio kwa viganja vyake.

"Mama Kiambi," Mithika akaita kupitia dirishani. "Twende nyumbani."

Hakuinua kichwa. Rwamba alingoja kidogo, akaona haya kwa niaba ya mwenzake, akatia gia. Mithika akaketi peke yake kwenye kiti cha mbele kilichokuwa cha watu wawili. Hewa ya Nyambene ni tamu. Aliivuta, akaitoa, akaivuta tena, na ilipita kifuani mwake bila kelele yoyote.